Mama Mkwe Aliponiomba Nikohoe

Kikohozi changu kiliwahi kusimamisha barabara nzima.

Sitanii. Na mkinicheka sitawalaumu, mimi mwenyewe nimeshajicheka mpaka mbavu zimezoea.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Kazi yangu ni kukaa kiti cha abiria, mguu juu ya ile breki ya ziada, nikimwomba Mungu kimoyomoyo huku mdomoni nasema, "Vizuri sana, endelea hivyohivyo."

Siku hiyo nilikuwa na mama mmoja mtu mzima, fundi cherehani. Alishika usukani kama anavyoshika mkasi: kwa nguvu zote na kwa nia mbaya.

Tukaingia kwenye mzunguko mkubwa. Magari mbele, magari nyuma, malori ubavuni. Cha ajabu, akaendesha vizuri kuliko siku zote. Nikafungua mdomo nimsifie.

Badala ya sifa, kikatoka kikohozi.

Yule mama akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Gari likasimama dede katikati ya mzunguko. Nyuma yetu breki zikalia moja baada ya nyingine kama kwaya iliyokosa mwalimu. Lori la mchanga likasimama karibu kabisa na buti letu, ningenyoosha mkono ningelishika pua.

"Mama! Umesimama kwa nini?"

"Si umeniambia nisimame?"

"Nimekuambia saa ngapi?"

"Mwalimu, wewe ukikohoa maana yake kuna kosa. Wenzangu wote wamenielekeza. Ukikohoa mara moja, mtu apunguze mwendo. Ukikohoa mfululizo, asimame."

Nyie!

Kumbe wanafunzi wangu walikuwa wameshatunga lugha nzima kutokana na kifua changu. Waliofaulu wanawarithisha wanaoanza. Na nyuma ya mgongo wangu walikuwa wananiita Mwalimu Honi.

Nikataka kumjibu. Kikanishika tena. Mfululizo.

Yule mama akavuta breki ya mkono na kuzima injini kabisa.

Habari zikafika ofisini kabla yetu. Bosi alikuwa ananisubiri mlangoni, mikono kiunoni.

"Nakupenda kama ndugu," akasema. "Lakini kitoke hicho kikohozi, au utoke nacho."

Hapo ndipo niliposhtuka. Maana kikohozi hiki nilianza kuwa nacho binti yetu mkubwa alipokuwa anajifunza kuhesabu vidole, na sasa ananisahihisha mimi hesabu.

Hakuna nisichokunywa. Asali, tangawizi, limao, vitunguu, mvuke wa majani nisiyoyajua hata jina. Picha za kifua nimepigwa mpaka mpiga picha anazijua mbavu zangu kuliko sura yangu. Majibu ni yaleyale: mapafu safi, makohozi hayana kitu, nenda nyumbani.

Lakini koo linawasha. Kama unyoya umeketi pale chini, unasubiri nifungue mdomo tu.

Faida ilikuwa moja. Nikiketi kwenye benchi lolote lenye watu, nikikohoa mara mbili, benchi linabaki langu.

Nyumbani sasa.

Nyumbani tulikuwa mimi, mke wangu mwenye duka la dawa za mifugo, binti yetu mkubwa, kitinda mimba wetu, na mama mkwe.

Mama mkwe alikuja kwa wiki mbili kumsaidia mwanawe baada ya kujifungua. Yule mtoto aliyezaliwa sasa anakimbia na kujibu kwa mkato. Wiki mbili za mama mkwe zilikuwa bado hazijaisha.

Ni mama mwenye heshima zake, siwezi kumvunjia. Ila kikohozi changu alikuwa amekitangazia vita.

"Mkwe wangu, hicho kifua au mashine ya kusaga?"

"Samahani mama."

"Usiniombe samahani, waombe majirani."

Nikikohoa mezani, anafunika sahani yake. Nikikohoa sebuleni, anaongeza sauti ya redio. Wageni wakija, ananitambulisha: "Huyu ndiye mkwe wangu. Mtamsikia."

Nami nilikuwa nimekubali. Katika nyumba ile kila mtu alikuwa na cheo chake, na mimi nilikuwa mkohozi.

Basi, baada ya maneno ya bosi nikaenda kliniki moja niliyosikia wanafanya utafiti wa dawa mpya ya kikohozi sugu. Daktari wao alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilinitisha kidogo, sikuwa nimezoea.

"Kifua chako hakina ugonjwa," akasema. "Tatizo ni mishipa ya fahamu ya koo. Imekuwa kama mlinzi mwoga. Paka akipita, anapiga king'ora."

Nikampenda papo hapo.

"Sasa niambie. Kwa siku unakohoa mara ngapi?"

Nikafikiri. "Kama mara hamsini hivi."

Akatabasamu. "Na mkeo angesema mara ngapi?"

"Mke wangu hahesabu, daktari. Anahama chumba."

Akanieleza kwamba hakuna mtu anayeweza kuhesabu kikohozi chake mwenyewe. Wengine wamezoea mpaka hawajisikii. Wengine wamechoka mpaka kimoja wanakiona kumi. Na kama hujui mtu alikuwa anakohoa kiasi gani kabla ya dawa, utajuaje kama dawa imemsaidia? Kwa hiyo kwanza wananipima kwa mashine, mchana na usiku mzima.

Akaniitia dada mmoja aliyekuwa na hedifoni kubwa shingoni. Kazi yake ni kusikiliza watu wakikohoa, kutwa. Mimi nikambatiza Dada wa Masikio.

Akanifunga kiunoni kinasa sauti, ukubwa wa pakiti ya majani ya chai. Kutoka hapo zikapanda nyaya mbili. Maiki moja akaibana kwenye kola ya shati. Nyingine akanibandika kifuani, kwenye ngozi kabisa, chini ya koo.

"Za nini mbili?" nikauliza.

"Ya kola inaisikia dunia. Ya kifuani inakusikia wewe peke yako. Sasa nenda kaishi kama siku zote. Sahau kama ipo."

Nikasahau. Aisee, ningejua.

Kwanza nilifika kazini nikamwambia mwalimu mwenzangu kwamba bosi wetu anaendesha gari kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Nikaiga na mlio.

Kisha nikarudi nyumbani, nikaingia bafuni, nikaimba. Mimi bafuni siimbi wimbo mmoja, naimba tamasha zima, na ala zote napiga kwa mdomo. Kinasa nilikitundika msumarini, waya wa kifuani ukiwa palepale, nikajimwagia maji kuanzia kiunoni kushuka kama mtu anayeoga kwa masharti.

Na mwisho, kwa aibu kubwa nawaambia, nilifunga mlango wa chumba nikaomba dua. "Ee Mungu, mpe mama mkwe wangu afya njema, mpe maisha marefu, na umpe nauli ya kurudi kwake."

Lakini kuna jambo jingine lililotokea siku ile, na sikulipa uzito.

Nilipoingia tu sebuleni, mama mkwe aliziona nyaya.

"Hee! Wamekufunga bomu?"

"Hapana mama. Ni mashine ya kuhesabu kikohozi."

Nilisubiri kejeli. Haikuja. Aliitazama ile maiki ya kolani muda mrefu.

"Inasikia mpaka wapi?"

"Sijui mama. Kote nadhani."

Akainuka, akabeba ungo wake wa mchele, akaenda kukaa kwenye kiti cha mbali, karibu na dirisha. Nikajua kimoyomoyo: leo amenionea huruma.

Kesho yake nilirudisha mashine. Baada ya siku kadhaa nikaitwa.

Dada wa Masikio alikuwa peke yake, hedifoni shingoni, kompyuta mbele yake imejaa mistari ya kupanda na kushuka.

"Karibu kaka. Kwanza uwe na amani, maneno ya watu huwa tunayaruka, tunasikiliza kikohozi tu."

"Asante dada."

"Ila bafuni una sauti nzuri."

Nikatamani sakafu ipasuke.

Akanionyesha jumla. Siyo hamsini. Zaidi ya mia saba.

"Dada, hapo kuna hitilafu. Mtu akikohoa mara mia saba anakula saa ngapi?"

"Anakula katikati," akasema, wala hakucheka. "Na hiyo ni yako tu. Nimeziondoa zile nyingine."

"Zipi nyingine?"

Akavuta kiti karibu.

"Kikohozi chako kinaonekana kwenye maiki zote mbili. Ya kola inasikia, ya kifuani inatikisika. Sasa kuna vikohozi ambavyo ya kola imevisikia, ya kifuani iko kimya. Maana yake anayekohoa si wewe."

"Watoto hao."

"Watoto nawajua, hukohoa popote wanapojisikia. Huyu hafanyi hivyo. Huyu anakusubiri wewe. Ukianza, na yeye anaanza. Kabla hujamaliza, yeye ameshamaliza. Tangu ulipofika nyumbani mpaka ulipoondoka asubuhi, hakukohoa peke yake hata mara moja."

Sikuelewa. Labda sikutaka.

"Wewe unafundisha udereva," akasema. "Umeshawahi kuona mtu anavuka barabara kwa kujificha ubavuni mwa lori? Ndiyo huyu."

Akanivisha hedifoni, akabonyeza.

Nikajisikia. Jamani, kumbe ninavyokohoa ndivyo hivi! Mbuzi aliyekwama kwenye mtungi ana nafuu. Nilitamani niwapigie simu wanafunzi wangu wote niwaombe msamaha.

"Achana na huyo," akasema. "Sikiliza nyuma yake."

Akarudisha. Nikafumba macho.

Nyuma ya kelele zangu kulikuwa na kikohozi kingine. Kidogo, kifupi, kimezibwa na kitu. Lakini kizito. Cha majimaji. Kilitoka chini kabisa.

"Mwangwi huo," nikasema. "Sebule yetu ina mwangwi."

"Mwangwi hautoi makohozi, kaka."

Nikavua hedifoni.

"Nyumbani kwako unaishi na nani?"

Nikaanza kumtajia. Mke wangu? Kwa sehemu kubwa ya saa zile hakuwapo nyumbani, alikuwa dukani. Binti? Alikuwa anasoma chumbani kwake. Kitinda mimba? Ile haikuwa sauti ya mtoto.

Nikabaki na mtu mmoja, na nikakataa. Mama mkwe? Askari mkuu wa kupambana na kikohozi? Haiwezekani.

Kisha nikakumbuka redio inayoongezwa sauti nikikohoa. Nikakumbuka sahani inayofunikwa, na yeye anageukia ukutani. Nikakumbuka kwamba mwezi huohuo alikuwa amemfukuza kitinda mimba kitandani kwake, eti anapiga mateke, wakati tangu azaliwe walikuwa wanalala wamekumbatiana kama pacha.



"Huyo mtu aje hospitali," Dada wa Masikio akasema, sasa sauti imeshuka. "Asichelewe. Mimi si daktari, lakini nimesikiliza vifua vingi. Hicho sikukipenda."

Nje nikampigia mke wangu. Nikamweleza. Akawaka.

"Yaani wewe, mwenye kikohozi kinachojulikana mtaa mzima, unataka kumbambikia mama yangu?"

"Si mimi, mashine ndiyo..."

"Mashine alifungwa nani? Mama ulimfunga nyaya?"

Akakata.

Na hapo ndipo nikajua niko pabaya. Maana mkwe ni mkwe. Huwezi kumwendea mama wa mkeo ukamwambia, "Mama, nimekusikia ukijificha kwenye kikohozi changu." Unaanzia wapi? Unakaa kiti gani?

Njia nzima nilikuwa nawaza. Nilipofika mlangoni nilikuwa na mpango mmoja tu, wa kijinga kama mwenyewe.

Sitakohoa.

Nilimkuta sebuleni, ungo mapajani, anachambua mchele. Kitinda mimba yuko mkekani anaendesha kopo la maziwa kama basi. Nikasalimia, nikajaza glasi ya maji, nikaketi kiti cha kumkabili.

Kama hujawahi kuwa na kikohozi sugu, huwezi kujua nilichokifanya mchana ule. Kuzuia kikohozi ni kama kumshika kuku kwenye mfuko wa plastiki. Kinapiga mbawa huku, unakibana, kinatokea kule. Nilimeza maji kwa tone. Nilibana ulimi kwenye kaakaa. Machozi yakawa yananitiririka, jasho nalo likayafuata kuyapa moyo.

"Leo kimya," mama mkwe akasema. "Wamekukata koo huko?"

Nikatikisa kichwa tu. Ningefungua mdomo ningekwisha.

Tukakaa.

Redio ikasoma matangazo ya vifo, ikasoma bei za mazao. Mama mkwe akachambua. Kidogo kidogo vidole vyake vikaanza kupungua mwendo. Nikamwona anameza mate. Anameza tena. Mshipa wa shingo ukasimama.

Akaniangalia. Mimi huyo, nimetoa macho kama chura.

"Mjukuu wangu," akamwambia mtoto, sauti nyembamba. "Nenda kacheze uani. Basi lako lina abiria huko."

Mtoto akatoka.

"Mkwe wangu."

"Nnh."

"Hukohoi?"

Nikatikisa kichwa.

"Hata kidogo?"

Hata kidogo.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Akabana kitambaa mdomoni. Macho yakajaa maji. Na wakati ule, nawaapia, sikumwona tena yule mama wa kejeli. Niliona mtu anayezama mbele yangu, na mimi nimekalia boya.

Akatoa kitambaa mdomoni.

"Kohoa basi."

"Mama?"

"Nakuomba. Kohoa, mwanangu. Kohoa!"

Nikapasuka. Sikuwa na uwezo wa kukataa hata kama ningetaka. Kikatoka chote nilichokibana. Naye akaachia palepale, na safari hii hakuwahi kumaliza mapema. Tukakohoa wote wawili, uso kwa uso, ungo ukaanguka, mchele ukamwagika sakafu nzima.

Changu kikaisha.

Chake hakikuisha.

Kiliendelea peke yake kwenye chumba chenye kimya, hakina pa kujificha, mpaka akainama magoti yakagusa kifua. Nikampigia magoti, nikamshika mgongo. Mifupa mitupu. Huyu mama alikuwa amekonda lini, nami naishi naye?

Alipokunja kitambaa haraka, nilikuwa nimeshaona. Alama ndogo, nyekundu.

"Usimwambie mwanangu," akasema.

"Mama, tangu lini?"

Akaanza kuokota mchele, punje moja moja. Mimi nami nikaokota. Ndipo akaongea, bila kunitazama.

"Nilikuwa na dada yangu. Alipata kifua, zamani, mimi bado msichana. Wakampa kikombe chake. Wakakitia alama ya rangi ili mtu asikosee. Wakampa sahani yake, mkeka wake, na chumba cha nyuma. Sisi watoto tukaambiwa tusipite upande ule. Nilimpenda dada yangu kuliko mama, lakini sikupita." Akapuliza vumbi kwenye punje moja. "Watu wanasema aliuawa na kifua. Mimi nilikuwepo. Aliuawa na kile kikombe."

"Mama..."

"Nilipoanza kukohoa nikasema ni baridi. Kisha nikasema ni vumbi. Kisha nikaona wewe unakohoa kila mara na hakuna anayekutenga. Wanakucheka tu. Nikasema basi, nitapita hapohapo."

"Na kunisema kote kule?"

Akainua macho. Kwa mara ya kwanza akaniomba msamaha kwa uso.

"Ukimwonyesha mtu kidole, nani anakuangalia wewe?"

Nikaendelea kuokota mchele.

Mke wangu alipofika alitukuta sakafuni. Aliangalia mchele, akaniangalia mimi, akamwangalia mama yake. Mama mkwe akafungua kile kitambaa mwenyewe, akamwonyesha. Hakuna aliyegombana tena.

Hospitali walisema neno ambalo wote tulikuwa tunalijua na hakuna aliyelitamka: kifua kikuu.

Mama mkwe hakuuliza kama atapona. Aliuliza jambo moja tu, na alimuuliza muuguzi kwa kunong'ona, kama anamwomba asijibu kwa sauti.

"Mjukuu wangu. Nimemlaza kifuani kwangu. Nimemuua?"

Tukapimwa wote. Siku za kusubiri majibu ya mtoto, mimi mtu mzima nilikuwa namfuata uani nikihesabu pumzi zake, naye ananifukuza kwamba nazuia basi.

Majibu yakaja. Mimi, mke wangu na binti, salama. Kitinda mimba vijidudu vimemgusa, lakini hajaugua. Apewe dawa za kumkinga, amalize zote, atakua vizuri.

"Mngekaa mwaka mwingine," daktari akasema, "tungeongea habari nyingine."

Mke wangu akamuuliza muuguzi kuhusu vyombo. Muuguzi akashangaa. "Vikombe? Huu ugonjwa unapita hewani, hauna habari na vikombe. Fungueni madirisha, ameze dawa kila siku, alale chumba chake kwa muda mpaka tumwambie. Vyombo mle vilevile."

Mama mkwe akaomba arudie. Muuguzi akarudia. Akaomba arudie tena. Kisha akalia, taratibu, na sidhani kama alikuwa anajililia yeye.

Basi ikawa nyumba ya madirisha wazi. Kila asubuhi mama mkwe anameza dawa mbele ya mwanawe, na kitinda mimba anameza zake mbele ya bibi, wanashindana nani atoe ulimi kwanza kuonyesha amemeza.

Na mimi? Mimi nikaanza vidonge vyangu vya utafiti.

Wadau, vile vidonge!

Wiki chache tu, kikohozi kikaanza kunywea. Nikafundisha somo zima bila mtu kushika breki. Yule fundi cherehani akafaulu mtihani, akaja kunilalamikia kwamba siku hizi nimekuwa mgumu kuelewa. Bosi akanipigia saluti.

Nikawa mhubiri. Kila niliyekutana naye nilimweleza habari ya sayansi. Nilikuwa nakitoa kidonge mfukoni, nakiinua kwenye mwanga, nasema, "Hiki mnachokiona, wataalamu wamekesha." Mke wangu alinikataza kukionyesha wageni wakati wa chakula.

Nikafungwa mashine tena. Safari hii sikuimba. Dada wa Masikio akanipa majibu: nimepungua zaidi ya nusu.

"Na yule wa nyuma?"

Akatabasamu. "Hayupo. Nimemtafuta kote."

Utafiti ulipofungwa, daktari akatuita mmoja mmoja atuambie tulikuwa tunapewa nini. Nikavaa shati la sikukuu. Nilikuwa nimeandaa na hotuba fupi ya shukrani.

"Washiriki tuliwagawa makundi mawili," akasema. "Kundi moja lilipata dawa. Jingine lilipata vidonge visivyo na dawa, vya kulinganishia."

"Nawahurumia hao wa pili," nikasema.

Daktari akakohoa kidogo. Yeye sasa.

"Wewe ulikuwa wa pili."

Unga! Nilikuwa nainua unga kwenye mwanga! Nimehubiri mtaa mzima habari za unga!

"Lakini daktari, nimepona nusu!"

"Umepungua kweli, mashine haikupendelei. Na wala hujadanganya. Koo lenye wasiwasi mtu akilitilia maanani, wakati mwingine linatulia lenyewe. Usione aibu."

Niliona aibu.

Nilirudi nyumbani nimenywea. Mama mkwe alikuwa sebuleni, amenenepa, mashavu yamerudi, siku si nyingi amemaliza dozi yake na kuambiwa amepona. Akaniuliza wamesemaje. Nikafikiri kumdanganya. Nikamwambia ukweli.

Akanitazama.

"Unga?"

"Unga, mama."

"Kile ulichomwonyesha mchungaji?"

"Hichohicho."

Akaanza kucheka. Akacheka akashika mbavu, akacheka akapiga paja, akacheka akamwita mjukuu aje asikie, akashindwa kumsimulia, akacheka tena kwa kushindwa. Kicheko kilikwenda, kikapanda, kikashuka, kikaisha chenyewe kwa kuchoka, akabaki anafuta machozi na kuhema vizuri, pumzi ndefu, safi.

Nami nikabaki nimesimama na shati langu la sikukuu. Kwa sababu ndipo nilipogundua kwamba kabla ya siku ile sijawahi kumsikia mama mkwe wangu akicheka mpaka mwisho. Muda wote ule alikuwa anakikata kicheko katikati, na mimi nilidhani ndiyo tabia yake. Nilidhani ni mama mkavu.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Kwa heshima zote, wahenga hawakuishi na mama mkwe wangu. Kikohozi kinafichika vizuri tu, mradi ndani ya nyumba kuwe na mpumbavu mmoja anayekohoa kwa sauti na kujisikiliza mwenyewe.

Mtu akikucheka sana kwa ugonjwa wako, usikimbilie kununa. Mkaribie kidogo, umsikilize anavyopumua. Na kama ni wewe unayebana kifua usiku na mchana ukisema ni vumbi, wiki zinapita na vumbi haliishi, nenda ukapime. Hakuna atakayekupa kikombe cha alama. Akijitokeza wa kukupa, mlete kwetu. Mama mkwe yupo, hana haraka ya kuondoka, na sasa ana pumzi za kutosha kumsema mtu kutwa nzima.